Kenya iliahidi nini hasa kwa wakimbizi? Hifadhi, uraia na Mpango wa Shirika

Tangu Rais William Ruto azindue Mpango wa Shirika, unaokusudia kugeuza kambi za wakimbizi kuwa makazi ya kawaida, jijini Nairobi tarehe 28 Machi 2025, swali moja halijakauka midomoni mwa watu kuanzia Garissa hadi Lodwar: ni kweli wakimbizi wa kambi za Dadaab na Kakuma wanapewa vipande (vitambulisho vya taifa), ardhi na kura? Jibu ni hapana. Hakuna kifungu cha Sheria ya Wakimbizi ya 2021 kinachompa mkimbizi uraia wa Kenya, na Mpango wa Shirika hauna uwezo wa kutoa kitu ambacho sheria haijakitoa.

Upo pia mkanganyiko wa upande wa pili. Wako wanaodhani kumlinda mkimbizi ni hisani, kitu ambacho waziri anaweza kukifuta kwa tangazo moja la asubuhi. Hilo nalo si kweli, na mahakama zimeshalisema zaidi ya mara moja. Mkimbizi si raia, wala si mgeni wa kukaribishwa na kufukuzwa kwa hiari ya mwenyeji. Ana haki zilizoandikwa, na kila haki ina karatasi yake. Anayetaka kujua ahadi ya Kenya inatimizwa kiasi gani afuate karatasi hizo moja baada ya nyingine, aone ni ipi inayokwama.

Nani ni nani

Mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake na hawezi kurudi kwa sababu ya hatari. Sheria ya Kenya inamfungulia milango miwili. Wa kwanza umetoka kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951: mtu mwenye hofu ya kweli kwamba atateswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kundi la kijamii alilomo au msimamo wake wa kisiasa. Wa pili umetoka kwenye mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969: mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko yaliyovuruga amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Tofauti yake ni kubwa. Kwa mlango wa kwanza lazima uonyeshe kwamba hatari inakutafuta wewe. Kwa wa pili, inatosha kwamba vita vimefika ulipo. Mama aliyekimbia mapigano ya Baidoa, Somalia, na watoto wake hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeuliza jina lake.

Mwomba hifadhi ni yule aliyefika na kujieleza, lakini ombi lake halijaamuliwa. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba serikali ndiyo inayomfanya mtu awe mkimbizi. Daktari hampi mgonjwa malaria. Anathibitisha kwamba anayo. Hali kadhalika afisa wa wakimbizi: anatambua hali ambayo mtu alikuja nayo tangu alipovuka mpaka. Ndiyo maana mwomba hifadhi hawezi kurudishwa kwao wakati bado anasubiri jibu.

Mhamiaji ni aliyehama kutafuta kazi, masomo au biashara, na anaongozwa na sheria za uhamiaji. Mkimbizi wa ndani hajavuka mpaka wowote. Ni raia aliyefurushwa kwake na vita, mafuriko au mradi, na haki zake zote za uraia ziko palepale.

Kisha kuna watu wasio na utaifa, ambao hakuna nchi inayowatambua kuwa raia wake. Kundi hili hutumiwa sana kama ushahidi usiohusika. Wamakonde wa Kwale walipoanza kupewa vitambulisho mwaka 2016, wakafuatiwa na Washona na baadaye Wapemba, wapo waliosema, "Si mmeona, wakimbizi wanapewa uraia!" Hawakuwa wakimbizi. Walikuwa watu ambao familia zao zilikuwa zimeishi Kenya kwa vizazi, wengine wazee wao wakiwa wameletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na orodha za uraia zikawaruka.

Ahadi yenyewe

Kenya ilijiunga na mkataba wa 1951 mwaka 1966, na itifaki yake mwaka 1981. Ule wa Afrika iliuridhia mwaka 1992. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ya ndani ya kutekeleza yote hayo haikupatikana hadi 2006. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia, Kakuma ikafuata 1992. Kwa miaka 15 mamia ya maelfu ya watu walilindwa bila sheria mahususi, kazi kubwa ikibebwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mazoea mengi yanayolalamikiwa leo, hasa ya kumfungia mkimbizi kambini, yalizaliwa katika kipindi hicho cha ombwe, kabla Bunge halijaamua lolote.

Katiba ya 2010 iliongeza uzito: kwa mujibu wa ibara ya 2(6), mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Sheria ya 2006 ilifutwa na ile ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022.

Moyo wa sheria hiyo ni kifungu cha 29: mtu asikataliwe kuingia, asifukuzwe wala asirudishwe mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Kufukuzwa kwa sababu za usalama wa taifa kunaruhusiwa, lakini kwa utaratibu wa kisheria na kwa mtu mmoja mmoja, si kwa kambi nzima. Aliyetenda uhalifu wa kivita hana haki ya hadhi hii tangu mwanzo.

Mahakama Kuu imeipima kanuni hiyo ya kutomrudisha mkimbizi mara tatu za kukumbukwa. Mwaka 2013 ilisimamisha agizo la kuwaondoa wakimbizi wote mijini na kuwapeleka kambini. Mwaka 2015 ilifuta kifungu kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, kwa sababu ukishaweka idadi kama hiyo unalazimika kuwarudisha waliozidi. Februari 2017 ikabatilisha agizo la kuifunga Dadaab. Kwa hiyo anayesimama jukwaani na kuahidi kwamba kambi itafungwa kabla ya mwisho wa mwezi, ama hajui hukumu hizo, ama anajua na anatafuta kura.

Ahadi imewahi kuvunjwa hata hivyo. Oktoba 2024 raia wanne wa Uturuki waliokuwa wakimbizi walichukuliwa Nairobi na kurudishwa kwao, na Wizara ya Mambo ya Nje ikathibitisha. UNHCR ilieleza wasiwasi mkubwa. Tukio hilo linaonyesha udhaifu ambao sheria nzuri haiutibu. Mahakama humlinda mtu aliye na siku moja au mbili za kufika mbele ya jaji, na anayechukuliwa barabarani na kupandishwa ndege hana hata saa hizo.

Karatasi, hatua kwa hatua

Anayeingia Kenya kutafuta hifadhi anatakiwa kujitokeza kwa afisa wa karibu wa Idara ya Huduma za Wakimbizi mara anapofika, au ndani ya siku 30. Kwenye mpaka wa Somalia jambo hilo liliharibika kuanzia Januari 2007, Kenya ilipoufunga mpaka na kituo cha kupokelea watu cha Liboi kikafungwa. Watu hawakuacha kuja. Walianza kupita vichakani hadi Dadaab, mwendo wa kilomita 80 hivi, bila uchunguzi wa afya na bila mtu kuandika nani ameingia. Wakati wa ukame wa 2011 kambi hizo zilibeba zaidi ya watu 450,000. Kufunga mlango hakukupunguza wageni. Kulichofanya ni kuinyima serikali orodha yao.

Akifika penye ofisi huandikishwa: picha, alama za vidole vyote kumi, majina ya kila aliyekuja naye. Hapa mambo madogo huzaa matatizo makubwa. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa 1 Januari. Mtoto wa ndugu aliyefariki huandikwa kama mwana wa kuzaa ili familia isitenganishwe. Miaka mitano baadaye, kwenye mahojiano, mama anaulizwa jinsi alivyozaa watoto wawili kwa tofauti ya miezi minne, na jibu la kweli linaonekana kama uongo uliorekebishwa. Ushauri unaofaa ni mmoja: kosa likigunduliwa lirekebishwe mapema, kwa maandishi, kabla ya mahojiano.

Kisha huja mahojiano yenyewe. Zamani uamuzi ulikuwa wa UNHCR. Siku hizi ni wa Serikali ya Kenya. Ombi hukwama kwa sababu ambazo mara nyingi hazihusu ukweli wa hatari. Mkalimani ni mmojawapo. Msomali anayezungumza Kimaay akipewa mkalimani wa Kisomali cha kawaida, wataelewana nusu nusu, na ile nusu iliyopotea ndiyo itakayoandikwa kwamba "alijipinga". Mwombaji ana haki ya kusema hamwelewi mkalimani. Wengi hawasemi, wakidhani watamuudhi afisa.

Sheria inataka jibu ndani ya siku 90. Katika utekelezaji, kungoja kwa miaka si jambo la ajabu. Akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa, na baada ya hapo Mahakama Kuu. Siku hizo 30 huisha haraka kwa mtu ambaye barua yake imekaa ofisini bila kuitwa, kwa hiyo tarehe aliyoipokea barua iandikwe na kushuhudiwa.

Kwa wanaokimbia vita vya wazi kuna njia fupi: nchi hutambua kundi zima bila mahojiano ya kila mtu. Wasomali walitambuliwa hivyo kwa miaka mingi hadi utaratibu huo ulipoondolewa kwao mwaka 2016. Foleni ya mahojiano ilirefuka kuanzia hapo, na sababu yake haihitaji utafiti.

Aliyetambuliwa hupata kitambulisho cha mkimbizi. Hicho hakimpi uhuru wa kwenda atakako. Anayeishi Dadaab au Kakuma anahitaji pasi ya kutoka kambini, yenye sababu na tarehe ya kurudi: hospitali, shule, mahojiano. Bila pasi, kizuizi cha daraja la Mto Tana mjini Garissa kinakuwa mwisho wa safari, au mwanzo wa mazungumzo ya noti. Kuishi nje ya eneo lililotengwa bila ruhusa ni kosa.

Kazi je? Kifungu cha 28 kinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara. Anayeajiriwa anahitaji kibali cha kazi cha daraja M, na hakina ada. Kinasikika rahisi hadi ukifuate. Kibali hushughulikiwa Nairobi, kwenda Nairobi kunataka pasi, pasi inataka sababu inayokubalika, na kutafuta kazi ambayo hujaipata si sababu rahisi kuithibitisha. Mduara huo ndio unaomfanya mwalimu mwenye cheti kulipwa posho ndogo kambini wakati shule ya wenyeji, mwendo wa bodaboda, haina mwalimu wa hisabati.

Uraia, na wale waliofungiwa nje ya nyumba yao

Kuzaliwa Kenya hakumfanyi mtu kuwa Mkenya. Ibara ya 14 ya Katiba inaangalia mzazi: mtoto ni raia kama mama au baba ni raia, awe amezaliwa Dadaab au Dubai. Mtoto wa wakimbizi wawili aliyezaliwa Ifo, moja ya kambi za Dadaab, anastahili cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho kinasema alizaliwa wapi tu. Lakini mtoto wa mkimbizi na Mkenya ni Mkenya kamili, na kumnyima kitambulisho ni kuvunja Katiba.

Ibara ya 15 inamruhusu mtu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo kuomba uraia. Kuomba si kupewa. Kenya haijawahi kufanya kama Tanzania, ambayo kuanzia 2014 ilitoa vyeti vya uraia kwa zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na wazao wao. Hofu ya kwamba jambo hilo limeshafanyika Kenya kimyakimya haina msingi.

Wakati watu wakiogopa wakimbizi kugeuzwa Wakenya, lililotokea kwa ushahidi wa wazi ni kinyume chake: Wakenya kugeuzwa wakimbizi. Nyakati za ukame, familia za wafugaji wa Garissa na kaunti jirani zilipoteza mifugo yote. Kambini kulikuwa na mgao wa chakula, zahanati na shule. Nje ya kambi hapakuwa na kitu. Wakaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wale. Mtoto wa miaka saba akabonyeza vidole kwenye mashine, akapata kadi ya mgao, na baada ya mvua kurudi akaenda zake.

Akifika miaka 18 anakwenda kuomba kipande. Msajili anachukua alama za vidole, mfumo unazitafuta, na jibu linarudi: mkimbizi. Ombi linafungwa hapo. Hawezi kupiga kura, kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti, kuomba mkopo wa masomo wala kuajiriwa serikalini. Kurudisha kadi ya mgao hakufuti alama za vidole. Maelfu wamekwama hivyo, baadhi kwa zaidi ya muongo.

Njia iliyopo ni uhakiki. Kamati husikiliza, ikitazama vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa au kliniki, rekodi za shule, maelezo ya chifu na wazee wa eneo. Vikao hivyo hukaa kwa nadra, na jina likipitishwa bado lazima lifutwe kwenye kanzidata ya wakimbizi kabla msajili hajaona njia nyeupe. Wengi hupita hatua ya kwanza na kukwama ya pili. Kisheria jambo hili halipaswi hata kuwa na utata: Katiba inaruhusu kumvua mtu uraia kama aliupata kwa kusajiliwa, au kama ni mtoto aliyeokotwa ambaye baadaye wazazi wake wamejulikana kuwa wageni. Raia wa kuzaliwa na mzazi Mkenya hapotezi uraia kwa kula posho ya mahindi na maharage.

Mpango wa Shirika unabadilisha nini

Kwa ufupi, unataka kambi zigeuke makazi ya kawaida chini ya manispaa, ambapo shule, hospitali na maji ni vya mkimbizi na mwenyeji kwa pamoja. Wazo hilo lilijaribiwa Kalobeyei, karibu na Kakuma, kwenye ardhi iliyotolewa mwaka 2015 na Kaunti ya Turkana. Lina mantiki. Mturkana anayechota maji mbali huku bomba la kambi likipita karibu na boma lake ana haki ya kukasirika, na sheria ya 2021 inataka huduma zitumike kwa pamoja. Ardhi yenyewe haigawiwi kwa mkimbizi. Hupewa nafasi ya kuishi.

Swali la nani anawalisha lina jibu tofauti na linalosikika mitaani. Hazina ya Kenya hailipi mshahara kwa wakimbizi. Chakula hutoka kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa fedha za wafadhili, sehemu yake kama pesa za simu za kununulia chakula, ambazo Kakuma walizizoea kwa jina la Bamba Chakula tangu 2015. Wafadhili walipopunguza fedha mwaka 2025, mgao ulikatwa na familia zikapangwa kwa makundi, baadhi zikikosa kabisa. Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya mpango. Mtu anaambiwa ajitegemee, mgao wake unapunguzwa, na wakati huohuo hawezi kutoka kwenda sokoni Eldoret bila pasi. Pasi isipolegezwa, manispaa itakuwa kambi yenye kibao kipya.

Kifungu kimoja cha sheria ya 2021 kinastahili tahadhari. Kinamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha ukimbizi kwa hiari ili atumie haki za Jumuiya za kuishi na kufanya kazi. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo wakimbizi walio wengi nchini sasa wanatoka ndani ya Jumuiya. Lakini haki hizo hudaiwa kwa pasipoti ya kwenu, na pasipoti hutolewa na ubalozi wa serikali uliyoikimbia. Ukishaacha hadhi, ngao ya kifungu cha 29 nayo umeiweka chini. Kwa mfanyabiashara ambaye kwao kumetulia ni njia nzuri. Kwa anayetafutwa ni mtego, naye apate ushauri wa wakili kabla ya kutia sahihi.

Na raia waliofurushwa

Wakimbizi wa ndani wana sheria yao ya mwaka 2012, iliyozaliwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizofurusha zaidi ya watu 600,000. Inahusu vita, majanga ya asili na miradi mikubwa ya maendeleo. Kosa la 2008 lilikuwa la kuhesabu. Operesheni Rudi Nyumbani ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba, kwa kufuata orodha, na orodha ilianzia kwenye hema. Waliopokewa na ndugu au waliopanga chumba mjini walionekana hawana shida, wakaachwa nje kwa wingi. Mafuriko ya 2024 yaliikuta tabia hiyohiyo: anayelala kambini huandikwa, anayelala kwa shemeji haandikwi. Aliyehamia kwa jamaa ajiandikishe kwa chifu wa kule alikotoka, si wa alikokimbilia tu, na abaki na nakala. Chifu wa huko ndiye anayeweza kushuhudia kwamba palikuwa na nyumba.